Bao la ugenini la River, na fainali iliyokosa mwenyeji

Swali la msomaji: "Mtaalamu, mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, wa Mbagala. Mwaka 2023 USM Alger walibeba Kombe la Shirikisho mbele yetu kwa bao la ugenini, jumla ikiwa 2-2. Juzi nimeangalia marudio ya fainali ya Copa Libertadores (klabu bingwa Amerika ya Kusini) ya 2018, River Plate na Boca Juniors za Buenos Aires, Argentina. Mechi ya kwanza kwa Boca 2-2, marudiano dakika 90 zimeisha 1-1. River ana mabao mawili ya ugenini, Boca ana moja. Mbona hakupewa kombe lake pale pale, wakaongezwa dakika 30? Halafu timu mbili za mji mmoja zinakwendaje kuchezea fainali yao Hispania?"

Ndugu yangu, hesabu yako haina kasoro. Kwa kanuni za CAF, shirikisho la soka Afrika, filimbi ya dakika ya 90 pale Madrid ingekuwa ya kumtangaza River bingwa. Ila Copa Libertadores ilikuwa na kanuni yake: bao la ugenini, yaani jumla ikilingana anavuka mwenye mabao mengi ya ugenini, lilihesabiwa kuanzia hatua za mtoano hadi nusu fainali, likafika mlangoni mwa fainali likaachwa nje. Kwenye fainali jumla ikilingana ni dakika 30, zikishindikana ni matuta. Hata neno ugenini lingekuwa na utata usiku ule, na hapo ndipo swali lako la pili linapoingia. Nitafika huko.

Jambo linalochekesha ni kwamba River wenyewe walifika fainali kwa mgongo wa bao la ugenini. Nusu fainali walifungwa 1-0 na Grêmio pale Buenos Aires, wakaenda Porto Alegre wakashinda 2-1. Jumla 2-2, mabao mawili ya ugenini, wakavuka. Boca upande wao waliitoa Palmeiras kwa jumla ya 4-2, hawakuhitaji kanuni ya mtu. Kwa hiyo sheria iliyomfikisha River fainali ndiyo hiyo hiyo iliyokosekana alipoihitaji wiki chache baadaye.

Unaweza kusema River kaonewa. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya kiuchezaji. Timu hucheza kwa kuangalia kanuni. Lucas Pratto aliposawazisha dakika ya 68, Boca hawakupata hofu yoyote, 1-1 ilikuwa 1-1 tu. Wakarudi nyuma wakajipanga. Kama bao la ugenini lingekuwa linahesabiwa, dakika hiyo ya 68 ingewakuta Boca wako nyuma kwa kanuni, nao wana wachezaji 11 na dakika 22 za kufungua mchezo. Ile kadi nyekundu iliyowamaliza isingekuwepo, maana ilitoka dakika ya pili ya muda wa nyongeza. Kwa hiyo usichukue matokeo ya mechi iliyochezwa kwa sheria moja ukayapima kwa sheria nyingine. Hata sisi tunafanya kosa hilo tukiilalamikia ile ya 2023, na tuseme ukweli: Wananchi walijua mapema kwamba kufungwa 2-1 Kwa Mkapa, uwanja wa nyumbani, ni mzigo. Mayele alipochomoa mwishoni na Merili wa USM akajibu muda si mrefu, pale ndipo kombe lilipoondokea, siyo Algiers. Algiers Yanga walishinda, penalti ya Djuma Shaban mapema kabisa kipindi cha kwanza.

Nikupe burudani kidogo kabla hatujaenda Madrid. Miaka ya mwanzo Libertadores haikuanzia kwenye jumla ya mabao. Fainali ilihesabiwa kwa pointi. Wewe umeshinda kwako, mimi nimeshinda kwangu, basi tunakwenda mechi ya tatu kwenye uwanja huru. Kwa utaratibu ule, Yanga na USM Alger wangekutana mara ya tatu kwenye nchi ya watu. Ndivyo ilivyowakuta River mwaka 1966. Peñarol walishinda 2-0 Montevideo, River wakashinda 3-2 Buenos Aires, mechi ya tatu ikapelekwa Santiago, Chile. River wakaongoza 2-0. Wakasawazishiwa, wakaingia muda wa nyongeza, wakafa 4-2. Waliporudi nyumbani, mashabiki wa Banfield waliwaachia kuku uwanjani, na tangu siku ile River wanaitwa gallinas, yaani kuku. Miaka 52 walikuwa wakitaniwa hivyo na Boca, na ukitaka kuelewa kwa nini watu wazima walilia usiku wa Madrid, anza na kuku yule.

Mechi ya tatu ya mwisho ilikuwa 1987, Peñarol tena, safari hii na América de Cali, Santiago tena. América walikuwa na tofauti nzuri ya mabao, sare tu ingewatosha hata baada ya dakika 120. Diego Aguirre akafunga zikiwa zimebaki sekunde. Waliokuwa wakililia kanuni mwaka ule walikuwa Cali.

Sasa Madrid.

River na Boca wote wamezaliwa mtaa mmoja, La Boca, pale bandarini Buenos Aires. River 1901, Boca 1905. River baadaye wakahamia kaskazini ya mji, wakajenga Monumental, wakapewa jina la matajiri, Los Millonarios. Boca wakabaki bandarini. Wewe mtu wa dabi ya Kariakoo sina haja ya kukueleza zaidi. Katika historia yote ya Libertadores, watani hawa walikuwa hawajawahi kukutana fainali. Mwaka 2018 wakakutana, na ilikuwa imeshaamuliwa kwamba hiyo ndiyo fainali ya mwisho ya mikondo miwili, kuanzia 2019 ni mechi moja.

Mkondo wa kwanza ulipangwa Jumamosi ya tarehe 10 Novemba pale La Bombonera. Mvua ikanyesha mpaka uwanja ukawa bwawa, ikachezwa Jumapili. Ábila akaifungia Boca, dakika moja baadaye Pratto akasawazisha, Benedetto akarudisha uongozi kwa kichwa kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili beki wa Boca, Izquierdoz, akajifunga. 2-2. Mechi tamu kuliko ya Madrid, kama unaniuliza. Uwanja mzima ulikuwa wa Boca, kwa sababu Argentina walishapiga marufuku mashabiki wageni tangu 2013. Rais wa nchi, Mauricio Macri, ambaye aliwahi kuwa rais wa Boca, alitamani safari hii wageni waruhusiwe, klabu zikakataa. Hata kocha wa River, Marcelo Gallardo, hakuruhusiwa kukanyaga uwanjani. Pale Porto Alegre alikuwa anatumikia adhabu, akaingia chumba cha wachezaji wakati wa mapumziko, akaongezewa kifungo. Msaidizi wake, Matías Biscay, ndiye aliyekaa benchi mechi zote mbili.

Marudiano yakawa tarehe 24 Novemba, Monumental, saa 11 jioni ya kwao, saa 5 usiku ya kwetu. Nilikuwa nimeshaandaa chai ya kukesha. Basi la Boca lilikuwa limebakiza mwendo mfupi kufika, likaingia kona ya Avenida del Libertador na Lidoro Quinteros. Kona ile ilikuwa imejaa mashabiki wa River na ulinzi wake ulikuwa wa kubahatisha. Mawe, chupa, fimbo. Vioo vya pembeni vikapasuka wachezaji wakiwa wamekaa viti vya dirishani. Polisi wakafyatua gesi ya machozi kutawanya watu, na gesi ikaingia kwa matundu yale yale ya vioo. Basi likafika uwanjani wachezaji wakikohoa na kutapika. Nahodha Pablo Pérez alikuwa ameumia jicho kwa vipande vya kioo, akapelekwa hospitali na kijana Gonzalo Lamardo, akarudi jicho limefunikwa kitambaa cheupe.

Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 60,000 waliokaa juani tangu mchana. Mechi ikasogezwa hadi saa 12, ikasogezwa hadi saa 1 na robo, Gianni Infantino wa FIFA yumo ndani ya uwanja, madaktari wa CONMEBOL, shirikisho la soka Amerika ya Kusini, wanasema majeraha si ya kuzuia mechi. Mwishowe wakaahirisha hadi kesho yake. Kesho yake mashabiki wakaanza kurudi, ikaahirishwa tena. Siku mbili hizo ndizo zilizoichafua fainali kuliko mawe yenyewe, kwa maoni yangu. Unamwachaje mtu mwenye kioo jichoni asubiri kuambiwa kama atacheza baada ya saa moja au mbili? Waziri wa usalama wa jiji la Buenos Aires, Martín Ocampo, akajiuzulu.

Boca sasa wakaja na hoja nzito. Wakasema: mwaka 2015 kwenye 16 bora, hao hao River walipuliziwa dawa ya pilipili na mashabiki wetu wakitoka kwenye njia ya vyumbani pale La Bombonera, na ninyi CONMEBOL mlitufukuza mashindanoni. Leo wafukuzeni wao. Rais wa Boca, Daniel Angelici, aliishikilia hoja hiyo hadi mwisho. Ni hoja nzuri, na mtu wa Boca ana haki ya kuirudia mpaka kesho. Ila tofauti ipo. Ya 2015 ilitokea ndani ya uwanja, mechi ikiwa mapumziko, mahali ambapo ulinzi ni wa klabu mwenyeji kwa asilimia mia. Ya 2018 ilitokea barabarani, mahali ambapo ulinzi ni wa polisi. CONMEBOL hawakuwaosha River kabisa: wakawatoza dola 400,000 na mechi mbili za nyumbani bila mashabiki. Lakini kombe wakasema litaamuliwa kwa mpira. Boca wakakimbilia Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kuomba mechi isimamishwe. Wakakataliwa.

Ikabaki kutafuta mahali. Buenos Aires ilikuwa inapokea viongozi wa G20 mwisho wa mwezi ule, polisi wote wako huko, na serikali ilishaaibika vya kutosha. Tarehe 27 Novemba viongozi walikutana Luque, Paraguay, makao makuu ya CONMEBOL, wakatangaza fainali haitachezwa Argentina. Siku mbili baadaye jina likatoka: Santiago Bernabéu, Madrid, tarehe 9 Desemba. Rais wa CONMEBOL, Alejandro Domínguez, alitaka uwanja wa maana, ndege za moja kwa moja, na mji wenye Waargentina wengi. Madrid ina vyote vitatu.

Sasa tazama jina la kombe. Libertadores maana yake wakombozi, akina San Martín na Bolívar, watu waliotwaa silaha kuing'oa Hispania Amerika ya Kusini. Kombe la wakombozi likapelekwa kuamuliwa kwenye mji mkuu wa mkoloni waliyemfukuza. Waargentina hawakuhitaji kuelezwa, utani ulikuwa umeshajaa mitandaoni kabla ya timu kupanda ndege. Rais wa River, Rodolfo D'Onofrio, aligoma kwa maneno hadi dakika za mwisho, na hasira yake naielewa: Boca walicheza mkondo wao mbele ya watu wao, yeye watu wake waliolipa tiketi wakaambiwa waangalie kwenye televisheni. Simba mwaka 2025 walipoambiwa marudiano yao na RS Berkane yanahamia Amaan, Zanzibar, tulipiga kelele wiki nzima, nao angalau walivuka maji tu. River walivuka bahari ya Atlantiki.

Ndiyo maana nilisema neno ugenini lingekuwa na utata. Kwenye karatasi River alikuwa mwenyeji. Uwanjani jukwaa la upande mmoja lilikuwa jekundu na jeupe, la upande wa pili bluu na njano, na katikati yao majukwaa matupu ya kutenganisha. Watu 62,282. Mashabiki wa Boca ambao wasingeruhusiwa kukanyaga Monumental walikuwa wamekaa nusu ya uwanja wakiimba. Kama kanuni ya bao la ugenini ingekuwepo, bao la Benedetto pale Bernabéu lingehesabiwa la ugenini kwa vigezo gani? Ugenini kwa nani?

Bao lenyewe lilikuja dakika ya 44. Nahitan Nández aliiba sekunde moja pale katikati, akapenyeza pasi ndefu ya chini, Benedetto akampita Maidana kwa mguso mmoja na kumalizia kando ya kipa Armani. Akamtolea ulimi beki Montiel njiani akishangilia. Kipindi cha pili Biscay akamtoa nahodha Leonardo Ponzio, kiungo wa kukaba, akamwingiza Juan Fernando Quintero, Mkolombia wa mguu wa kushoto. Hapo mechi ikageuka. Dakika kumi baadaye Palacios na Nacho Fernández wakagongeana pembeni kulia mwa eneo la hatari, Fernández akarudisha nyuma, Pratto akaweka kambani. Ukilitazama tena bao hilo, mwangalie Pratto kabla ya mpira kufika: haendi golini, anabaki nyuma ya mabeki wanaokimbilia lango. Nafasi yote ile aliipata kwa kusimama.

Kisha dakika 90 zikaisha, na sheria yako ikakosekana.

Dakika ya 92 mwamuzi Andrés Cunha wa Uruguay akamwonyesha Wilmar Barrios kadi ya pili ya njano. Barrios ndiye aliyekuwa anaziba mbele ya mabeki wa Boca. Akitoka yeye, eneo lile la mita ishirini mbele ya goli linabaki wazi, na River wana Quintero, mtu wa kupiga kutoka pale pale. Ilichukua hadi dakika ya 109. Mayada akampa mpira nje kidogo ya boksi, Quintero akaugusa mara moja kujiweka sawa, akapiga. Mpira ukagonga chini ya mtambaapanya ukaingia. Kipa wa Boca, Andrada, aliruka vizuri tu, hakuwa na la kufanya.

Halafu Fernando Gago, aliyeingia kumpokea Pablo Pérez mwishoni mwa dakika 90, akaumia kano ya kisigino, na Boca walikuwa wamemaliza nafasi zote za kubadilisha. Wakabaki tisa. Watu tisa hao, kaka, walikaribia kuchomoa! Dakika ya 120 Leonardo Jara alipiga shuti likagonga nguzo. Ikawa kona, kipa Andrada akapanda mbele kusaidia. Mpira ukaondoshwa, ukamwangukia Quintero, akampenyezea Gonzalo "Pity" Martínez. Mbele ya Martínez hakukuwa na mtu: nusu uwanja mtupu, goli tupu, benchi zima la River linakimbia kando ya mstari sambamba naye. 3-1, jumla 5-3. Gallardo alikuwa jukwaani, bado ana kifungo.

Kwa wale wanaopenda kufuatilia majina: dakika ya 97 River walimwingiza kijana wa miaka 18, Julián Álvarez. Montiel, yule aliyetolewa ulimi, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Argentina Kombe la Dunia 2022 pale Qatar.

Furaha ya River haikudumu hata wiki mbili. Tarehe 18 Desemba walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Falme za Kiarabu, wakatolewa kwa matuta na wenyeji Al Ain. Mwaka uliofuata fainali ya mechi moja ilipangwa Santiago, maandamano ya Chile yakaisukuma hadi Lima, River wakaongoza 1-0 mbele ya Flamengo hadi dakika ya 89. Gabigol akafunga mawili ndani ya dakika chache. Pale hakukuwa na nyumbani wala ugenini wa kulaumu.

Kuhusu kanuni uliyoniuliza, CONMEBOL walifuta bao la ugenini kwenye mashindano yao yote mwishoni mwa 2021, miezi michache baada ya UEFA. CAF waliendelea nalo, tena hadi fainali: mwaka mmoja baada ya kilio chenu, Zamalek walibeba Kombe la Shirikisho la 2024 mbele ya Berkane: walifungwa 2-1 Morocco, wakashinda 1-0 kwao, jumla 2-2, bao lao lile la Morocco ndilo lililoamua. Kwa hiyo mkifika tena fainali ya mikondo miwili chini ya CAF na mkondo wa kwanza uko Kwa Mkapa, 1-0 ni ushindi mnono kuliko 3-2.